Mwanamke wa Kiti cha Tisa

Bugene, Alhamisi, Agosti 1989. Mvua tangu asubuhi, na sketi yangu imejaa tope mpaka magotini. Nimechoka. Zaidi ya kuchoka nimekasirika, na mtu ninayemkasirikia ndiye anayeandika haya.

Hii ni wiki ya tatu niko kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, kwa utafiti wa chuo kuhusu tabia za watu kazini. Mhadhiri wetu alipatana na kiwanda: wao watupokee, sisi tuwape nakala ya tunayoyaona. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya chumba cha kuchambulia, nikiwatazama akina mama kumi na wawili wanaotoa punje mbovu. Kila baada ya dakika kumi natia alama kwenye fomu. Yupo mahali pake, au hayupo mahali pake.

Basi. Fomu haina zaidi ya hapo.

Majina hatuandiki, tunaandika namba za viti. Nilijiona mwangalifu sana kwa hilo. Jumatatu nikampa meneja nakala yake, wala haikunijia kwamba yeye anajua vizuri nani anakaa kiti kipi.

Jana nilikuta kiti cha tisa kitupu. Ni cha Restuta, mama wa makamo aliyezaliwa Kimuli akaolewa huku. Kwenye fomu zangu yeye ndiye mwenye "hayupo" nyingi kuliko wenzake wote. Nikaambiwa ameachishwa kazi kwa uzembe.

Nilijua alikokuwa akienda. Jirani yake mezani ni Ma Kokugonza, bibi mwenye magoti yaliyovimba. Anachambua haraka kuliko wote, lakini kusimama na mzigo hawezi. Ungo wake ukijaa, Restuta anainuka kimya na kuupeleka kwenye mizani. Nimeyaona haya kwa macho yangu siku zote hizi, na kila mara nikaandika "hayupo".

Sikulala vizuri. Leo nimeingia ofisini kwa meneja kabla hajamaliza chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, kazi yako imetusaidia sana."

Nikamweleza yote. Kwamba Restuta hatoroki kazi, anafanya kazi mbili. Nilisema vizuri, kwa utaratibu, kama niko darasani. Hakunikatiza hata mara moja, nami moyoni nikaanza kujipongeza.

"Kwa hiyo Restuta hana kosa," akasema.

"Hana kabisa, mzee."

"Ila huyo bibi hawezi kubeba ungo wake."

Nilikuwa nimekwisha kulisema mwenyewe.

Mchana Restuta ameitwa arudi kazini. Mchana huohuo Ma Kokugonza ameambiwa akapumzike nyumbani, asirudi tena. Nilimwona akijifunga kanga yake taratibu, akishika ukuta. Alipopita kwangu alinishika mkono kama afanyavyo kila siku. "Mwana wange, Mungu akusaidie masomo yako. Uwasalimie wazazi Ihembe."

Hajui.

Restuta anajua. Amenisubiri langoni, mvua inamnyeshea, wala hakupaza sauti.

"Miaka minne tumemficha," akasema. "Sisi wenzake wote kumi na mmoja. Mbona hukuniuliza mimi kwanza?"

Kwenye mkoba nina hojaji ya maswali arobaini, na nilikuwa nimepanga kuwauliza yote wiki ijayo. Uongozi, mshahara, mwanga wa chumba, kila kitu. Swali la kumwuliza mtu anakwenda wapi na ungo ule, hakuna aliyeliweka humo, nami sikuona kama linakosekana.

Nimtupie lawama mhadhiri? Nimejaribu njia nzima, haikunisaidia. Yeye hakuwepo chumbani. Mimi nilikuwepo, na Kinyambo wanachoongea pale mezani nakielewa.

Nimerudi kwa meneja jioni kumwomba amwache bibi angalau mpaka msimu uishe. Amesema wakubwa wake wamekwisha kuarifiwa. Amenishukuru tena, hilo ndilo baya zaidi.

Kesho siendi kiwandani. Nakwenda kwa Ma Kokugonza kumwambia kwamba ni mdomo wangu uliomtoa kazini. Shangazi ninayekaa kwake anasema nisiende, nitamwongezea bibi wa watu uchungu bure. Huenda ni kweli. Lakini akiniombea mema tena bila kujua, nitaitikia kwa sauti gani?