Majora Yaliyomfukia Mwenye Duka

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano, maana lile blanketi la viraka ninalokushonea bado linanishughulisha.

Ilibaki pembe moja tu, nami nilitaka kitambaa cha kijani kilichokoza. Nimezunguka maduka mpaka miguu ikavimba, mwisho nikaingia duka moja nyuma ya soko. Dada, lile duka limevimbiwa. Majora ya vitambaa yamepandana hadi darini, unapita ubavu ubavu, na mwenye duka humwoni. Unasikia sauti tu ikikukaribisha.

Kijani changu nikakiona chini kabisa. Sauti ikaniambia nisubiri, nisivute. Unanijua. Nikavuta. Majora yote yakaporomokea upande wa pili, kisha kimya. Nikafukua kwa mikono miwili, nikidhani nimeua mtu, mpaka ukatokea upara, halafu miwani, halafu mzee wa watu anacheka hadi machozi. Akaniuliza, “Haya mama, nikukatie mita ngapi?”

Kesho yake nilirudi kumsaidia kupanga. Nikarudi tena, nikisingizia uzi, nikisingizia pamba ya kujazia. Naye kafiwa na mkewe. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo ananunua vitambaa vingi kuliko anavyouza, kwa sababu duka likiwa tupu anasikia nyayo zake mwenyewe. Nilimwelewa. Na mimi tangu baba watoto atutoke nimeshona mablanketi mengi kuliko vitanda nilivyonavyo.

Sasa dada, kaa kwanza. Najua umekwisha kunipakia chumba rangi, na tangu mumeo afariki umekuwa ukiwaambia majirani kwamba mdogo wako anakuja tuzeeke pamoja. Sitahamia. Yule mzee wa duka ameniposa, nami nimekubali. Nimelia kuandika haya, kwani wewe ndiye uliyenilea. Nilikwenda kumkatalia kwa ajili yako, nikafika, nikamtazama, ulimi ukagoma.

Usinijibu kwa barua. Njoo unigombeze uso kwa uso, kwa sauti yako yote, ndipo nitajua hujanitupa. Yeye anakuogopa kabla hajakuona, na hilo sikumkataza.

Wasalimie majirani, waambie ukweli taratibu. Nakupenda sana.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi yule yule.