Jina Uliloniwekea Angani

Papa Helmut,

Barua ya wale wanaosajili majina ya sayari ndogo, yale mawe ya angani uliyokuwa ukiyagundua, imefika. Binti yako Ingrid aliniletea mwenyewe hadi chumbani kwangu Bellevue. "Solange, sasa uko juu kuliko sisi sote!" Akanikumbatia huku akilia. Nikasema asante. Sikuweza kumtazama.

Solange si jina langu, Papa. Ni la binamu yangu aliyerudi kwetu Uvira akaniachia karatasi zake za ukimbizi, maana zangu zilikataliwa. Nilipokuja kuomba kazi ya kukupikia na kukuogesha, ndizo nilizowaonyesha. Miaka mitatu ukaniita hivyo. "Solange, hii ni chai au uji?" Nami nikaitika.

Nakumbuka asubuhi uliponishikisha vile vioo vyako vya picha dirishani. Viwili, anga lilelile lililopigwa picha usiku tofauti, nyota zikiwa vitone vyeusi kama pilipili manga iliyomwagika. Ukasema kitone kinachokaa mahali pake ni nyota; kilichohama ndicho chako. Hivyo ndivyo ulivyozipata sayari zako kule Ujerumani, kwa jicho tu na uvumilivu, kabla Ingrid hajakuleta Johannesburg. Kometi mbili, zile nyota zenye mkia, zina jina lako. Ya tatu uliikataa, kwa sababu mtu mwingine aliiona siku moja kabla yako. "Jina la mtu halichukuliwi," ulisema. Nilikuwa nakukata kucha. Nikainamisha kichwa.

Kisha ukasema sayari yako moja bado haina jina, na aliyeigundua ndiye anayeichagulia. Ukaandika "Solange", herufi moja moja. "Ni sawa hivi?" Ningeweza kusema pale pale. Eish, Papa. Niliogopa kufukuzwa. Nikasema, "Sawa."

Wewe uliyekamata kitone kimoja kilichohama kati ya maelfu, mimi hukunikamata. Au ulijua, ukanyamaza? Siwezi tena kukuuliza.

Ingrid anasema jina likishatangazwa halibadilishwi. Basi. Lakini sasa anataka nimtunze mama mkwe wake, na ameniomba nilete karatasi zilezile. Sitazipeleka. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwake, nitamwambia yote kabla sijaketi. Akinifukuza, nitaondoka. Nakuahidi.

Pumzika, Papa. Nisamehe ukiweza. Jina hili hukuwahi kulisikia, lipokee leo: mimi ni Furaha.