Nyumba ya Mfano Yenye Milango Minne ya Nyuma

Shangazi wa ukurasa wa nane, shikamoo. Nakuandikia kwa heshima na kwa haraka, maana Jumamosi ya wiki ijayo nyumbani kwetu kuna jambo, na nisipopata ushauri wako kabla ya siku hiyo sijui nitauficha wapi uso wangu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu na baba yangu anafanya kazi kwenye kampuni ya intaneti, kazi yake ni kufunga tovuti watu wasizisome, yaani asubuhi wakubwa wanamletea orodha naye anafunga moja baada ya nyingine mpaka jioni, na tangu dada yangu aandike mtandaoni kwamba maji ya bomba mtaani kwetu yana rangi ya chai, akaitwa kituoni akahojiwa kutwa nzima huku baba akimsubiri nje kwenye benchi, baba amefunga na nyumbani pia, kila kitu isipokuwa kamusi na utabiri wa hali ya hewa, na anayetaka ukurasa ufunguliwe sharti ajaze fomu, aandike sababu, mama atie sahihi, kisha asubiri siku saba za kazi. Bibi aliomba kuona namna ya kufuma kofia ya mtoto. Fomu ilirudi na muhuri: "Sababu haitoshi."

Sasa shuleni nimechaguliwa kuongoza wapinzani kwenye mdahalo kuhusu serikali kufunga mitandao, na sikuwa na pa kusoma, basi rafiki yangu akaniwekea VPN kwenye simu, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma, nikasoma kwamba kuna nchi huzima intaneti nzima ili watu wasiibe mitihani, na nyingine huizima siku za uchaguzi, na kuna mahali watu wamefungwa kwa kusambaza tu maneno ya mwingine, nikamkumbuka dada nikalia. Bibi akaniona. Nilishindwa kumdanganya, nikamweleza yote, naye badala ya kunigombeza akanisogezea simu yake: "Mjukuu wangu, niwekee na mimi, na mtu asijue."

Siku ya tatu mama akaniita jikoni.

"Bibi yako anafuma kofia yenye masikio ya sungura. Masikio hayo hakuyatoa kwenye kamusi. Na mimi niwekee."

Dada naye akafuata. Kila mmoja ameniapisha nisiwaambie wengine, kwa hiyo mezani tunakaa watu wanne wenye siri moja, na bibi akiulizwa ufundi ule kaupata wapi anajibu kwamba ameoteshwa.

Shangazi, baba amewasimulia kazini kwamba nyumba yake ni ya mfano, na Jumamosi hiyo mkuu wake anakuja na fundi atakayekagua kila kinachopita kwenye mtambo wetu wa intaneti. Baba amenunua shati jipya. Anapanga fomu zetu kwenye faili na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiye utakayemweleza mkuu utaratibu wetu." Nikisema, nimewasaliti watatu. Nikinyamaza, baba ataaibika, pengine na kazi itaota mbawa. Nilifikiria kuzifuta VPN zote, lakini bibi yuko kwenye sikio la pili. Bado natumaini ukweli unaweza kusemwa bila mtu kuumia.

Wako mtiifu,
Mpinzani Mkuu, kidato cha tatu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, binti yangu. Nimekucheka, nikakuhurumia, sasa kaa nikugombeze.

Kusoma hukukosea. Ulikosea kukubali kuapishwa mara tatu kama shahidi wa mahakama. Hapo kwenu kuna wafungaji wawili: baba anafunga kurasa, wewe umefunga midomo. Halafu unataka kupanda jukwaani uwaambie watu waseme wazi! Anza nyumbani.

Na baba yako usimwone bwana jela. Ni mzazi aliyekaa kutwa nzima nje ya kituo bila kujua mwanawe atatoka vipi, na mpaka leo hajainuka kwenye lile benchi.

Fanya hivi. Leo hii waite bibi, mama na dada chumba kimoja, uwaambie kwamba kila mmoja anacho kile anachokificha mwenzake. Watanuna kidogo, kisha bibi ataanza kucheka. Chukueni fomu nne za baba, kila mtu aandike sababu yake ya kweli. Bibi aandike: sikio la pili. Wewe andika mdahalo. Dada aandike habari ya maji, yote, na baba aisome kwa macho yake. Mama sijui anatazama nini, na wewe usimuulize. Atie sahihi fomu zote nne, yake ikiwemo.

Kesho asubuhi, baba akiwa anakunywa chai, mpelekeeni fomu hizo wote pamoja. Wewe ndiye wa kusema: "Baba, hatukutaka kukuaibisha. Tulitaka kusoma, na tuliogopa kukuomba." Mkuu aje au asije, hilo mwachie baba, ni mtu mzima. Siahidi kwamba atafurahi. Lakini mtu anayetengeneza fomu yenye nafasi ya sababu, moyoni anataka kuambiwa sababu.

Barua yako ilinifikia kwa mlango wa nyuma, jibu langu linakuja kwa gazeti la karatasi. Usithubutu kuliacha mezani ili baba ajisomee, wewe ukijifanya uko shule. Huna siku saba za kazi, una kesho asubuhi, na kinywa chako hakihitaji muhuri.