Kutu ya Kidole

Seki, Novemba

Dada Fusae,

Huku wote wazima. Figili tumezianika barazani, na paka wa jirani kazaa ndani ya kiatu changu. Baba ananifundisha kutambua panga za kale. Nikifungua mdomo tu karibu na chuma, ananikoromea: "Funga bakuli! Mate yako ni kutu!"

Unaukumbuka ule upanga wa miaka mia sita ulioushika bapa ukiwa mdogo, akakuchapa? Jana mnoaji alikuja kuutazama.

"Mzee," akasema, "hapa kuna kutu yenye umbo la kidole cha mtoto. Inauharibu. Niachie siku mbili, nitaiondoa."

"Hiyo usiiguse," baba akajibu.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza kwa nini, maana mimi hanisamehei hata pumzi. Akaipaka ile alama mafuta ya karafuu, polepole, kama anayemfuta mtoto machozi.

"Huyu ni Fusae," akasema.

Tangu mlipogombana ukaondoka, miaka kumi na miwili, jina hilo lilikuwa halijamtoka mdomoni. Njoo, dada. Figili zitakuwa tayari wiki ijayo.

Mdogo wako,
Kiyoharu