Betri Zilikuwa Zimejaa

Studio ya Picha,
Ghorofa ya Pili, juu ya Duka la Vioo,
S.L.P. 418.
Jumatano, 9 Oktoba

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za hospitali unakofanya kazi. Baridi imepungua? Lile koti nililokucheka kwenye picha, nikasema umefanana na godoro lililofungwa kwa safari, tafadhali usilivue. Sisi huku hatujambo. Mke wangu mzima, na watoto wanakula kana kwamba kuna mashindano. Mimi mwili hauna shida, ila uso wangu ndio sijui niuweke wapi.

Utashangaa nimeshika kalamu na simu ninayo. Kwenye simu ungeuliza swali moja tu nami ningeanza kujitetea. Unanijua mdogo wako, mdomo wangu umeajiri mawakili. Afadhali niandike.

Mwezi uliopita uliniuliza mbona kwenye video ya harusi ya binti yako hakuna pale aliposimama kuzungumza. Nikakujibu kwamba kamera ilizimika kwa sababu shemeji, kaka wa mke wangu, hakuchaji betri. Kuzimika ilizimika kweli. Hayo ya shemeji si kweli, ingawa siku ile nakuambia nilikuwa nayaamini. Betri zilikuwa zimejaa.

Kamera ilianza vituko siku chache kabla ya harusi. Nilikuwa nimeibeba begani kwenye mahafali ya chuo, mara kioo kikawa cheusi, tii. Nikaipiga kofi, ikawaka. Nikaweka betri nyingine, baada ya muda nayo ikafanya vilevile. Shemeji, ambaye ndiye anayechaji na kushika taa, akaniambia, "Shemeji, mimi betri nazitoa kwenye chaja taa ikiwa ya kijani. Hebu angalia kwingine." Nikamwambia taa ya kijani hata kwenye friji ipo.

Niliporudi studio niliipima kamera kwa mbwembwe zote za fundi. Nikaiweka mezani, nikaiunganisha na umeme wa ukutani, ikafanya kazi mpaka nikachoka mimi. Nikaweka betri, chini ya feni, ikafanya kazi kidogo bila tatizo, nikaridhika. Basi nikasema kamera haina kosa, mimi sina kosa, amebaki mwenye kuchaji. Kuibeba begani na kutembea nayo kwenye joto, kama inavyobebwa kazini, sikukumbuka. Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu.

Siku ya harusi nilivimba kichwa, Dada, nakiri. Mjomba wa bibi harusi, mwenye studio, nikashika kipaza sauti nikatangaza kwamba wageni wote waweke simu zao chini, zisiniharibie picha. Nikasema video ni moja tu, na ni yangu. Watu wakatii. Ukumbi mzima hakuna simu iliyonyanyuliwa.

Mstari wa mbele binti yako alikuwa amekuwekea kiti, ingawa alijua kazini wamekunyima ruhusa. Shangazi yetu, ambaye kiti kitupu hakijawahi kumpita, alikuwa anakimezea mate aweke mkoba wake. Nakumbuka binti akisimama kushukuru wageni, na shangazi akiinuka kidogo. Nikasogea nipate sura ya binti vizuri, na hapohapo kioo kikawa cheusi.

Nikachomoa betri, nikaweka nyingine. Ikawaka, ikazimika. Ya tatu hivyo hivyo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye macho. Alipomaliza kuzungumza nikamgeukia shemeji nikamfokea, "Wewe hizi betri umezichaji au umezibembeleza?" Sikujua kipaza sauti kilikuwa wazi pale mezani karibu yangu. Ukumbi wote ukasikia. Wengine wakacheka. Shemeji akaendelea kushika taa mpaka mwisho wa sherehe. Kamera ikizimika ghafla, kile kipande kilichokuwa kinarekodiwa huharibika chote, kwa hiyo hata mwanzo wa maneno ya binti haukubaki.

Wiki iliyopita nilitoa kabatini betri yetu ya zamani, ile iliyopasuka ganda nikaifunga gundi ya karatasi. Nikaibeba kamera begani mchana kutwa, hadi sokoni na kurudi. Haikuzimika hata mara moja. Nikaanza kujiuliza betri kuukuu ina nini ambacho mpya hazina, kumbe ni mpya ndizo zenye kitu.

Nilikuwa nimezibandika stika. Kazini betri huchanganyika na za wenzetu, na stika za nje watu huzibandua, kwa hiyo nikajiona mjanja, nikazibandika upande wa ndani, ule unaogusa mgongo wa kamera. Stika nzuri za rangi ya fedha, zenye jina la studio. Betri ikipata moto kazini, gundi inalainika, stika inateleza, inapanda juu ya vile vyuma vidogo vinavyopitisha umeme. Nilipoigeuza betri niliyoanza nayo siku ile, niliona jina langu limekaa sawasawa juu ya chuma. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nimeona aibu maishani, Dada, lakini hii inanifuata hadi kwenye chakula.

Nilikwenda kwa shemeji nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya mke wake na mama yake, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele za watu. Nikamwonyesha na stika. Akaniambia yameisha, kisha akaniuliza, "Lakini shemeji, ulisikia alichosema yule mtoto?"

Sikusikia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote, na sikusikia hata neno, nilikuwa napigana na betri. Nikamwendea binti yako nikamwomba anisimulie. Akasema alizungumza akijua utamwona kwenye video, na kwamba kukwambia kwa simu hawezi, atalia. Nikarudi kwa shemeji. Yeye alikuwa ameshika taa tu, kwa hiyo alisikia yote. Niliandika akiwa ananisimulia.

Anasema shangazi alikuwa ameshanyanyua mkoba. Binti akaacha kushukuru wageni, akasema, "Bibi, samahani, usiweke hapo. Hicho kiti kina mwenyewe. Mama yangu hajakosa kuja. Amechelewa tu."

Shemeji anasema hakuna aliyekikalia kile kiti mpaka watu wanaondoka.

Mke wangu anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao. Shangazi yetu naye anasalimu, anauliza utamletea mkoba gani. Shemeji amesema nikwambie hana kinyongo, wala usinigombeze sana. Mungu akulinde huko, akupe nguvu za goti na za moyo, na akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako anayekupenda na kukuomba radhi,

Mpiga Picha wako