Goti la Mama Shija

Dada Mbuke,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini nikiingia bila kuamkia utasema Sudi ameota mapembe tangu uondoke. Nimetoka upande wa Bulyanhulu sasa hivi, vumbi bado liko kwenye nyusi, sijala, na nimekaa mezani kwako hapa ofisini Kahama. Ndiyo, meza yako ni yangu sasa. Cheo chako cha afisa uhusiano nimepewa mimi, ingawa mtu akiuliza mlangoni, "Afisa uhusiano yupo?" bado nageuka kukutafuta wewe. Dada, leo nimefurahi kupita kiasi. Mke wangu nimempigia simu mara mbili kumsimulia, ya tatu amenikatia. Nani amebaki kama si wewe?

Nianze na kosa langu, maana bila hilo hakuna habari.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, alikuja Mzee Hendriki, mwenyekiti wa wenzetu wa Uholanzi, wale wanaochangisha kule ili mitambo inunuliwe huku. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilimpeleka kwa akina mama wanaochenjua dhahabu, kile kikundi ulichokianzisha wewe, aone mtambo wa kunasa moshi wa zebaki. Siku hizi moshi ule hawauvuti tena vifuani mwao. Mwenyekiti wao bado ni Mama Shija. Unamjua: hana maneno mengi, na akikutazama unakumbuka madhambi yako yote. Tulipofika alitua beseni, akapiga goti palepale kwenye kokoto, akamwamkia mzee shikamoo. Mimi nikapiga picha. Picha nzuri, Dada! Jua la asubuhi, kitenge chekundu, na zile mvi za mzee. Nikaiandikia maneno kwa Kiingereza changu cha kujidai, ikatoka kwenye jarida lao. Niliandika kwamba mwanamke wa Kisukuma anapiga magoti kumshukuru mfadhili kwa msaada.

Kushukuru! Mimi niliyekaa karibu nawe miaka saba. Kwetu sisi watoto wa wauza vitenge wa Kahama tunaamkia tumesimama, tunapeana mikono, yamekwisha. Goti la Kisukuma nimeliona tangu utotoni, na sikuwahi hata siku moja kuuliza lina kazi gani. Ulikuwa ukinitania kwamba Mswahili ana jibu kabla hajaulizwa. Jibu hilo nililiandika kabla sijauliza.

Uholanzi kukawaka moto. Watu wakaandika kwa hasira: mwanamke mweusi yuko magotini mbele ya mzungu, na nyie mnajisifu kwa hilo? Wachangiaji wakaanza kujitoa. Ofisi yao ikaniletea barua iliyokwisha kuandikwa, yangu ilikuwa sahihi tu. Barua iliomba radhi, ikasema picha imefutwa, na kwamba kuanzia sasa akina mama wataelekezwa wasipige magoti mbele ya wageni. Nisiposaini mambo yasimame, pamoja na mtambo wa pili. Huo wa pili unawasubiri kina mama wa eneo la jirani ambao mpaka leo wanachoma zebaki kwenye jiko la mkaa, watoto wakiwa mgongoni.

Kalamu niliishika, sikufichi. Nikawafikiria wale watoto, nikasema goti ni nini bwana, si waache tu. Kisha nikakusikia. Uliniambia zamani, "Sudi, usimwombee msamaha mtu ambaye hujamuuliza kama amekosa." Unakumbuka Ushetu? Yule mgeni asiyekula nyama alipewa kuku hai, akashtuka akamwachia, kuku akatokomea kwenye tumbaku. Wazee wakanuna. Ukamfukuza kuku wewe, na sketi yako ya ofisi, ukarudi naye unahema, ukampokea upya kutoka kwao kwa mikono miwili, ukawaambia wazee mgeni amefurahi mpaka mikono imelegea. Walicheka mpaka machozi. Halafu ndani ya gari ukamweleza mgeni kila kitu bila kumpaka mafuta. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika kuku.

Basi nikapanda pikipiki kwenda kwa Mama Shija. Alinipa kigoda. Nikamwonyesha picha na kumsomea nilichoandika.

"Kumbe ndivyo ulivyoandika," akasema. "Mimi sikumshukuru. Nilimwamkia. Ana mvi, ni mgeni wangu, ningemwamkia nimesimama kama nguzo? Na hakuitika. Alicheka tu, akanigusa bega."

Dada, kumbe wote tulikuwa na uchungu juu ya picha moja na hakuna aliyejua uchungu wa mwenzake! Uholanzi wanaona amedhalilishwa kwa sababu alipiga goti. Yeye amekaa na kidonda chake kwa sababu hakuitikiwa. Nilipomweleza kuhusu lile katazo, alisimama, akakung'uta kitenge.

"Kwangu hapa? Waniulize mwenyewe. Wewe utatafsiri, na safari hii utafsiri nilichosema."

Nikawaandikia Uholanzi kwamba sisaini, na kwamba mwenye goti anataka kusema. Siku nne hawakujibu. Siku nne hizo sikulala vizuri. Nilikuwa naona mtambo unaenda zake, na kazi yangu inaufuata nyuma.

Ya tano wakakubali kumsikiliza kwa video, na leo ndiyo siku yenyewe. Mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, alikubali kuizima saa nzima, na pale mahali panaponguruma kutwa pakawa kimya mpaka tukasikia mbuzi. Kompyuta tuliiweka juu ya mfuko wa saruji ndani ya banda. Akina mama ishirini nyuma yetu, Uholanzi watu saba kwenye kioo. Nikaanza mimi. Nikasema maneno ya chini ya picha ni yangu, sikumuuliza mwenye picha, na naomba radhi kwake kwanza, kisha kwao.

Kisha Mama Shija akasema. Alisema msaada hakuupigia goti. Msaada walikaa wakakubaliana, wao wametoa kiwanja, mawe na mikono yao, Uholanzi wametoa mtambo, na mtu hapigi goti kwa kitu cha ubia. Alisema goti ni lake, amefundishwa na mama yake, na atakayemkataza kumheshimu mgeni mlangoni kwake, huyo ndiye atakayekuwa amemdhalilisha. Nilitafsiri neno kwa neno, jasho linanitoka.

Mzee Hendriki akavua miwani. Akauliza, taratibu kabisa, alipaswa kufanya nini siku ile.

"Aitike," akasema Mama Shija. "Marahaba. Basi."

Dada, yule mzee akasimama! Kwenye kioo tukabaki kuona mkanda wa suruali tu. Akainama tena uso ukarudi, mwekundu, akasema kwa ulimi mzito, "Mama Shija, marahaba." Vigelegele vilivyopigwa! Mwenye karasha alikuja mbio akidhani kuna aliyeokota jiwe la dhahabu. Mama Shija alifunika mdomo kwa upande wa kitenge, mabega yakawa yanacheza, nikajua anacheka.

Si wote walioridhika. Mama mmoja wa kule Uholanzi alisema bado picha inamchoma na watu wake hawataelewa. Mama Shija akamwambia aje, atamkaribisha. Lakini ile barua imekufa. Picha inarudi jaridani, na chini yake yatakuwa maneno ya Mama Shija. Na mtambo wa pili unakuja, Dada! Unakuja! Nilipoaga, Mama Shija alinishika mkono akasema, "Wabeja, ng'wana wane." Mimi, Mswahili wa mjini, nimeshukuriwa kwa Kisukuma na kuitwa mwanangu. Nililia kwenye pikipiki, nikamsingizia dereva vumbi lake.

Lililobaki ni letu mimi na wewe. Ndugu zako wanajengea kaburi mwezi ujao. Waliniomba maneno ya jiwe, kwa kuwa eti mimi ndiye mtu wa maneno, na nilishayaandika: "Alikuwa sauti ya wasio na sauti." Niliyaona mazuri sana. Leo njiani yamenirudia nikaona aibu. Mama Shija hana sauti? Wewe mwenyewe ungeniuliza hivyo, na ungeniuliza mbele za watu. Halafu mama yako yupo hai pale Tinde, amekuzaa, amekuuguza, amekuzika, na sikumuuliza hata neno moja.

Nimeyachana. Jumamosi nakwenda Tinde, nitakaa na mama yako mpaka aseme anataka watu wasome nini juu ya mwanawe. Nakuahidi atakachosema ndicho kitakachochongwa, hata akitaka jina lako peke yake.

Pumzika, Dada yangu.

Sudi