Mapatano Yetu ya Kutopiga Kura

Elmdale, Minnesota
Jumatano asubuhi

Mpendwa dada Doreen,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Vipi goti lako? Huko Arizona bado mnatembea bila koti? Sisi hatujambo, theluji tu imetuzidi, na leo nina furaha hata kalamu haishikiki.

Dada, shule yetu haifungwi! Kodi ya kuiokoa, iliyopigiwa kura mjini jana, imepita kwa tofauti ya kura moja. Ingekuwa sare ingekwama, na mjukuu wetu Signe angepandishwa basi gizani kila asubuhi kwenda kusoma mji wa pili.

Sasa subiri nikupe uhondo. Unayajua mapatano yangu na Orville: yeye hupinga kila kodi, mimi huiunga mkono, kura zetu hufutana; basi tangu tuoane, siku ya uchaguzi tunabaki nyumbani tukila viazi vya oveni. Safari hii pia tulipeana mikono. Lakini moyo ulikataa. Nilimwambia maziwa yameisha, nikakimbilia ukumbi wa kanisa, nikapiga kura, kile kibandiko cha “Nimepiga Kura” wanachompa kila mpiga kura nikakificha ndani ya kola. Usinicheke! Foleni nzima ilikuwa ya wake za watu, nao eti wametoka kununua maziwa. Nilirudi mikono mitupu, na Orville hakuuliza kitu. Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Leo redio ilipotangaza matokeo niliruka jikoni nikipiga kelele, kibandiko kikadondoka kwenye uji wake. Akakitazama, akasema, “Kumbe ndiyo maziwa yenyewe haya!” Kisha akavua kofia yake ya manyoya, akanionyesha kibandiko chake ndani. Nilipandwa na hasira, nikamwita msaliti, nikamwambia nusura amtupe Signe barabarani.

“Tulia basi, Verna,” akanijibu. “Nimepiga ndiyo.”

Orville wangu! Yule anayelalamikia makelele ya watoto wa shule kutwa nzima! Alisema aliifikiria karakana yake bila wao ng'ambo ya uzio. “Sasa nikijigonga kidole kwa nyundo, atanicheka nani?”

Bila kura yangu, sare. Bila yake, sare. Nimelia, dada. Miaka yote ile tulikaa nyumbani tukiamini tunafutana, na hatukuwahi kuulizana.

Nisalimie shemeji Gus na wote hapo. Orville naye anakusalimu sana. Ametoka kununua maziwa.

Mdogo wako akupendaye,
Verna